Siagi ya Njugu ya Kaunti Mbili

Kazi ya ukalimani niliipata kwa sababu ya koo la mtu mwingine. Aliyepangwa kuifanya, mwalimu mstaafu mwenye sauti ya kanisani, alipotewa na sauti asubuhi ya mkutano. Afisa mmoja wa kaunti akakumbuka kwamba kule Suna, mjini Migori, kwenye duka la mapazia, kuna mwanamke anayezungumza Kiswahili kama redio. Mwanamke huyo ni mimi. Baba yangu alitoka Mombasa akiwa kijana, akafungua duka la nguo Migori, akaoa, akazaa, akazikwa hapa hapa. Kiswahili nilikirithi kwake, Kijaluo nilikiokota barabarani nikicheza na watoto wa majirani, na Kiingereza nilichapwa nacho shuleni. Lugha zote hizo hazijawahi kuniuzia hata pazia moja la ziada, lakini siku hiyo zilinipatia kiti cha mbele, karibu na feni.

Ukumbi wa hoteli ulikuwa umejaa wakulima wa njugu kutoka Migori na Homa Bay. Wengine walikuwa wametoka Kegonga alfajiri kwa kuwa waliahidiwa kurudishiwa nauli. Mgeni wa heshima alikuwa mtaalamu kutoka Nairobi, aliyetumwa na wafadhili, mwanamume wa suti ya buluu na viatu ambavyo havijawahi kukanyaga shamba lolote, hata la maua. Msimamizi alimtambulisha kwa Kiingereza, nami nikatafsiri bila kufikiri: "Huyu ni daktari."

Bibi mmoja wa safu ya pili akainuka palepale, akapandisha sketi hadi gotini, akamwonyesha mguu uliovimba.

"Daktari, huu mguu uko hivi tangu mavuno."

Nikamweleza kwa Kijaluo kwamba mgeni si daktari wa miguu, ni daktari wa uchumi. Bibi alifikiri kidogo, akashusha sketi.

"Basi amtibu huyo uchumi haraka," akasema akiketi. "Mimi nikimwangalia, naona amebakisha pumzi mbili."

Nilipomtafsiria Daktari, alicheka kwa adabu, kile kicheko cha mtu ambaye hajachekeshwa. Kisha akaanza hotuba.

Hotuba yenyewe ilikuwa ndefu, lakini ilisimama juu ya neno moja. Alisema sisi ni maskini kwa sababu tunauza njugu zikiwa njugu. Nchi zilizoendelea, alisema, haziuzi kitu jinsi kilivyotoka ardhini. Huziongezea mali zao thamani kwanza; njugu, kwa mfano, huzisaga zikawa siagi. Kwa Kiswahili sikupata taabu: kuongeza thamani. Wakubwa wetu wamelisema redioni mpaka tumelizoea kama tangazo la sabuni. Lakini nusu ya ukumbi ilikuwa inanitazama mdomoni ikingoja Kijaluo, na katika Kijaluo thamani na bei ni neno moja, nengo. Nikasema: medo nengo. Kuongeza bei.

Ukumbi ulilipuka. Wanaume walisimama, akina mama wakapiga vigelegele, na bibi wa mguu akapunga leso. Daktari aliinamisha kichwa kupokea makofi, akiamini kwamba kwa mara ya kwanza nadharia yake imeeleweka kikamilifu. Sikumsahihisha, kwa kuwa sikuwa na neno jingine. Na kwa yaliyofuata nasema wazi kwamba nilitafsiri vizuri kuliko yeye alivyokusudia.

Nyuma kabisa, karibu na mlango wa jikoni, alikuwa amekaa jirani yangu. Ni mwanamke wa Kisii, Msabato, aliyekuwa na kibanda kando ya duka langu akiuza njugu za kukaanga. Alizikaanga kwenye sufuria pana ndani ya mchanga moto, akazifunga kwenye karatasi, na zilizobaki alizipeleka kwenye kinu cha posho zikasagwa uji mzito ambao akina mama waliwanunulia watoto. Ijumaa nikienda msikitini yeye aliniangalizia duka. Jumamosi akienda kanisani, mimi nilifukuza mbuzi kwenye kibanda chake. Mkutanoni alikuja kwa sababu nilimwambia kutakuwa na kuku.

Wakati wa maswali aliinua mkono.

"Mimi nataka kujua, hiyo siagi ya njugu mnasema, itasagiwa wapi? Kwa sababu kwa posho inatoka na ladha ya mahindi."

Daktari alimnyooshea kidole kwa furaha. Akasema mwanamke kama huyu ndiye moyo wa mageuzi ya uchumi. Wakulima hawakujua moyo wa mageuzi ni kiungo gani, lakini walielewa kwamba mgeni amempenda. Kabla kuku hajaandaliwa, walikuwa wamemchagua kuwa mwenyekiti wa wadau wa njugu wa kaunti mbili. Mdau, kwa jinsi nilivyokuja kuelewa baada ya semina nyingi, ni mtu ambaye jambo linamhusu ila lenyewe halina habari naye.

Jioni ile alirudi kibandani akiwa amebeba mfuko wa nguo wenye nembo ya mradi. Aliutundika msumarini juu ya jiko, akarudi nyuma hatua kadhaa kuutazama.

"Dada," akaniambia, "hata mimi nimeonekana."

Nilifurahi kwa ajili yake. Lazima niseme hivyo, kwa sababu mengi yatakayofuata ni kicheko, na mtu anaweza kudhani nilikuwa nikimcheka tangu mwanzo.

Ugomvi wa kwanza ulikuwa wa mahali pa kujenga kiwanda cha siagi walichoahidi wafadhili. Wakubwa wa Migori walisema njugu bora hutoka kwao. Wa Homa Bay walisema njugu haiulizwi imetoka wapi, inaulizwa inaenda wapi, na kwao kuna ziwa. Hakuna aliyeuliza njugu zina haja gani na ziwa. Suluhisho likawa kuweka jiwe la msingi kila upande. Nilikalimani sherehe zote mbili. Hotuba ilikuwa ile ile, hema lile lile, wacheza ngoma walewale wakiwa wamebadilisha sketi tu. Kiwanda kikajengwa Homa Bay, na jiwe la Migori likabaki shambani peke yake. Vijana wa bodaboda hukaa juu yake wakingoja abiria, kwa hiyo siwezi kusema halikuleta maendeleo.

Jirani yangu naye akaanza kujengwa. Walimpeleka semina Kisumu, kisha Naivasha, kisha Nairobi kwenye hoteli ambayo, alisema, ina sabuni ndogo ndogo kila mahali mpaka unaona huruma kuziacha. Alishona suti ya rangi ya zambarau. Kitambaa alinunua kwangu, na nilimuuzia kwa bei ya jirani. Kila aliporudi alikuwa na maneno mapya. Siku moja jua lilikuwa limeshapanda na jiko lake bado lilikuwa baridi, wateja wakipita wakiinamisha shingo kuchungulia sufuria.

"Leo hukaangi?" nikamuuliza.

"Dada, tuko kwenye hatua ya kujenga uwezo."

"Uwezo wa nani?"

Akacheka, akajifuta vumbi begani. "Wangu kwanza."

Nilimwambia kilemba cha ukoka hakikingi jua. Akanijibu kwamba sisi wenye maduka ya urithi hatuwezi kuelewa mtu anayeanza chini. Lilikuwa jibu zuri, tena la kweli, na liliniuma. Kwa siku kadhaa tulisalimiana kwa nyusi.

Siku ya uzinduzi nilifika mapema kujaribu kipaza sauti. Kiwanda kiling'aa: kuta nyeupe, vigae sakafuni, mashine moja kubwa ya chuma ikiwa imefungwa utepe mwekundu kama mwari. Nikaingia chumba cha nyuma kutafuta maji ya kunywa, nikamkuta jirani yangu na wadau wenzake wawili wamepiga magoti sakafuni. Mbele yao kulikuwa na makopo makubwa yenye maandishi ya kigeni, nao walikuwa wanachota siagi ya njugu kwa vijiko na kuijaza kwenye chupa ndogo. Kwenye chupa kulikuwa na karatasi nzuri yenye picha ya njugu, ziwa, na mwanamke anayecheka.

"Hiyo siagi imetoka wapi?" nikauliza.

"Supamaketi, Kisumu," akasema bila kuinua macho.

"Na yetu?"

"Yetu iko kwenye mchakato."

Mashine, kumbe, haikuwa na umeme. Nguzo za umeme zilikuwa zimefika, nyaya pia, lakini ilikosekana transfoma, na transfoma ilikuwa ofisini kwa mtu fulani ikingoja sahihi. Walijaribu jenereta siku iliyotangulia. Ilikohoa kama mvuta sigara ikazima. Meneja wa kiwanda akaamua kwamba wageni hawawezi kutoka ng'ambo waje kulamba hewa. Akampa mwenyekiti wa wadau gari na dereva, akamtuma Kisumu.

"Unaonaje, dada, ni dhambi?" akaniuliza. Sasa alikuwa ameinua macho.

"Mimi ni mkalimani," nikamwambia. "Hili bado halijasemwa kwa lugha yoyote."

Akacheka, kisha akaficha uso kwenye kiwiko cha suti, asiupake siagi. Nikapiga magoti, nikamsaidia kupangusa chupa.

Wageni wakaja. Utepe ukakatwa. Mashine ikasifiwa ikiwa imesimama kimya, kama maiti wa heshima. Kisha chupa zikapitishwa pamoja na vipande vya mkate. Mgeni mmoja mrefu, mkubwa wa wafadhili, alionja, akafumba macho, akaonja tena. Akaomba kipaza sauti. Akasema, naye alikuwa ameguswa kweli, kwamba ladha hii ni sawasawa kabisa na ile anayokula nyumbani kwake tangu utotoni.

Nikageukia umati. Nyuma ya mgeni, jirani yangu alikuwa amesimama kama mtu anayesubiri radi. Nikatafsiri neno kwa neno: anasema ladha hii ni ile ile anayokula kwao.

Kisha mkulima mmoja akapaza sauti kutoka nyuma: "Kumbe njugu zetu zilishafika kule kabla yetu!"

Watu walicheka, wakapiga makofi, na afisa wa kaunti akaninyang'anya kipaza sauti kabla sijatafsiri. Akatangaza kwamba leo, mbele ya mashahidi, bidhaa yetu imefaulu mtihani wa kimataifa. Jioni hiyo redio ya hapa kwetu ikasema siagi ya njugu ya Migori na Homa Bay imekubalika ng'ambo. Kaka yangu alinipigia kutoka Mombasa akitaka nimtumie chupa. Nilimwambia atembee hadi supamaketi yoyote iliyo karibu naye.

Umeme ulifika hatimaye, na kiwanda kikaanza kusaga. Kwa muda hata mimi niliamini. Halafu wakulima wakaanza kurudi na magunia yao. Langoni aliwekwa kijana mwenye kipimo cha unyevu, kifaa kidogo kama simu, anachokichomeka kwenye gunia na kusema ndiyo au hapana. Kwa wakulima kilisema hapana tu. Njugu zina unyevu, rudini mkaanike.

Siku moja nilikuwa hapo kutafsiria wakaguzi. Mkulima wa Kegonga alifika na pikapu ya kukodi, magunia yake ameyashona midomo kwa uzi mwekundu. Kipimo kikasema hapana. Aliomba, akafoka, akaomba tena. Nje ya ua, hatua chache tu kutoka langoni, alikuwepo dalali mwenye lori lake, ameegesha kivulini akila ndizi. Yeye hakuwa na kipimo. Alinunua magunia yote kwa bei ya kumhurumia mtu, vijana wakayahamisha kutoka pikapu hadi lori, lori likageuka, lango likafunguka. Magunia ya uzi mwekundu yakaingia yakipita mbele ya mwenyewe, na kijana wa kipimo akayapungia mkono.

Jirani yangu alikuwa amesimama nami kwenye veranda. Aliona yote. Aliingia ofisini kwa meneja bila kubisha, nami nikamfuata.

"Hizo njugu ni zile zile," akasema. "Nimeona kwa macho yangu. Unyevu wake umeenda wapi?"

Meneja hakukasirika. Alikuwa kijana mpole, aliyesoma vizuri.

"Madam, yule ni msambazaji aliyesajiliwa," akasema. "Unyevu ulikuwa wa mkulima."

Nimesikia hotuba nyingi za uchumi, na nimezitafsiri zote. Hakuna iliyonieleza nchi hii vizuri kama sentensi ile.

Jirani yangu alitoka nje hadi kwa mkulima wa Kegonga. Nilidhani atamweleza habari za usajili na viwango, maneno alikuwa nayo ya kutosha. Alisimama tu mbele yake na suti yake ya zambarau. Yule mtu akamtazama juu mpaka chini.

"Mama mwenyekiti," akamwambia, "wewe unakula na hawa?"

"Nimealikwa tu," akajibu.

Mkulima akapanda pikapu akaenda zake.

Mjini kwetu njugu zilipanda bei, kwa sababu kiwanda kilizivuta zote na dalali alizishika shingo. Vikaratasi vya njugu vilivyouzwa stendi vikakonda mpaka vikafanana na sigara. Akina mama wa watoto wakaacha kununua uji wa njugu. Mkulima aliyeuza kwa dalali alipata kile kile alichokuwa akipata zamani, na pengine pungufu. Kwa hiyo bei iliongezwa kama nilivyotafsiri. Wanunuzi ndio tulioongezewa. Kisha fedha za wafadhili zikaisha, na mashine ikanyamaza pamoja nazo. Siku hizi kwenye ule ukumbi wa vigae hufanyika harusi. Mapazia ya harusi ya kwanza nilishona mimi, tena yalipendeza.

Ungedhani mambo yaliishia hapo. Lakini mradi ukifa haukosi matanga, na matanga yake huitwa semina ya mafunzo tuliyojifunza. Ilifanyika Homa Bay, kwenye hoteli inayotazama ziwa. Daktari alikuwepo, suti nyingine ya buluu, na safari hii alikuwa amehamia kwenye muhogo. Alisema tatizo letu ni kwamba tunauza muhogo ukiwa muhogo.

Baada ya chai akaomba kusikia ushuhuda wa wananchi waliobadilishwa na mradi uliopita. Msimamizi akamwita mwenyekiti wa wadau wa njugu. Jirani yangu akapita mbele. Daktari alimpa mkono kwa ukarimu, na nikaona kwamba hamkumbuki hata kidogo.

"Mama, karibu. Kabla ya mradi ulikuwa ukifanya kazi gani?"

"Nilikuwa nakaanga njugu, nauza."

"Vizuri sana. Na sasa?"

Nje, mtu alikuwa anaosha gari na redio yake ikilia. Jirani yangu alishusha macho akaitazama suti yake, kama mtu anayesoma bango.

"Sasa naalikwa," akasema.

Alikuwa amesema kwa Kiswahili, na wageni walinigeukia. Niliwapa kwa Kiingereza vile vile neno lilivyotoka, sikupunguza wala kuongeza. Daktari alitabasamu mpaka masikioni. "Huo ndio uwezeshaji!" akasema, akaanza kupiga makofi, na ukumbi mzima ukamfuata. Jirani yangu aliweka kipaza sauti mezani taratibu, akachukua mkoba wake, akatoka. Chakula kilikuwa hakijaandaliwa. Katika miaka yangu yote ya kazi hii sijawahi kuona mdau akiondoka kabla ya chakula.

Nilitaka kumfuata. Lakini Daktari alikuwa ameshaanza sentensi nyingine kuhusu muhogo, na ilihitaji kutafsiriwa.

Jirani yangu hakurudi Suna. Kibanda chake alikichukua mwuza chaja na vioo vya simu, kijana mwenye spika inayonilazimisha kupigia wateja wangu kelele. Jumamosi mbuzi hupita wakitafuta maganda ya njugu, hukuta nyaya, huondoka. Nilimpigia simu, nikaambiwa namba haipatikani. Niliuliza kanisani kwao. Waliniambia alihama, basi.

Nilikuja kumwona kwa bahati tu, nilipompeleka shangazi yangu hospitali Homa Bay kutazamwa macho. Shangazi akiwa kwenye foleni, nilitoka nje kumtafutia chai. Kando ya ukuta, wanapokaa jamaa za wagonjwa, kulikuwa na mwanamke anayechota uji kutoka birika kubwa, kitambaa kichwani, mikono imelowa. Nilimjua kwa mgongo.

"Na wewe unakunywa uji siku hizi?" akasema aliponiona, kana kwamba tuliachana jana.

Tulishikana mikono muda mrefu, yake ikiwa na moto wa birika. Nilimuuliza kwa nini hakurudi Suna, kwamba tungemfukuza yule wa chaja hata kwa fimbo.

"Niliona haya, dada. Nilirudi siku moja asubuhi, wewe ulikuwa hujafungua. Nikasimama hapo nikajifikiria, nitachuchumaa vipi kwenye jiko, na hawa watu wote wameniona na suti? Nikapanda gari nikarudi." Alimimina kikombe, akampa mzee mmoja, akamwambia avumilie ni moto. "Huku hakuna anayenijua. Mtu ambaye mgonjwa wake amelazwa hakuulizi wewe ulikuwa nani. Anauliza kama kuna sukari."

"Na biashara?"

"Iko. Watu hawaachi kuugua." Akacheka kile kicheko chake cha zamani, cha kabla ya Naivasha. "Walinitafuta hata hapa, unajua? Wa muhogo. Msichana mzuri, ana tableti. Ati nimekuwa mfano wa mama aliyebadilisha biashara kwa kutumia ujuzi wa mradi. Anataka kunipiga picha nikishika birika."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia anunue uji kwanza. Akasema amekula hotelini." Akapangusa mikono kwenye aproni. "Nilikuwa nimechoka kupigiwa makofi, dada. Unapigiwa, unapigiwa, halafu unaenda nyumbani mikono yako wewe ndiyo inauma."

Nilikuwa na mengi ya kumwambia. Nilitaka kumwambia kwamba siku ile ya semina nilipaswa kutoka naye, nimwache Daktari akijitafsiria muhogo wake mwenyewe. Nilifungua mdomo. Nyuma yangu watu watatu walikuwa wamejipanga na vikombe vyao vya plastiki, na nesi mmoja akiita jina la mtu dirishani.

Jirani yangu akanigusa begani kwa mgongo wa mkono uliolowa.

"Sogea kidogo, dada," akasema. "Unanizibia wateja."